Robert Koch na Mtoto Asiyeumwa: Maisha ya Mtaalamu kama Njia ya Kufundishia Malaria

Mwalimu anayefundisha somo la malaria katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa hukutana na tatizo lisilo dogo: wanafunzi wake wanalijua somo hilo kabla yeye hajafungua kinywa. Huku Mbaha, kama ilivyo Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, mtoto wa darasa la tatu ataeleza bila kusita kwamba malaria huenezwa na mbu, kwamba madimbwi hayana budi kufukiwa, na kwamba kila mtu alale ndani ya chandarua. Atapata alama zote. Lakini akiulizwa kwa nini ugonjwa unaojulikana kiasi hicho haujaondoka, atanyamaza. Na mara nyingi mwanachuo aliyekwenda kumfundisha katika mazoezi ya ualimu naye hunyamaza.

Sisi tunaowaandaa walimu tumeona kwamba kimya hicho hutokana na jinsi somo lenyewe linavyopangwa. Hufundishwa kama orodha ya amri, wala si kama habari ya watu waliotafuta jibu, wakapata sehemu yake, kisha wakashindwa mahali fulani. Kwa hiyo tunapendekeza katika makala haya kwamba mwalimu aliendee somo la malaria kwa njia ya maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo ni Robert Koch, daktari Mjerumani, ambaye vitabu humtaja zaidi kwa ajili ya kifua kikuu, lakini ambaye alifanya kazi kubwa juu ya malaria katika nchi yetu hii. Kwanza tutayasimulia maisha yake. Kisha tutaonyesha jinsi yanavyoweza kutumika darasani.

Utoto na masomo

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa na kazi katika migodi, na nyumba yao ilikuwa na watoto wengi. Husimuliwa kwamba alipofikia umri wa miaka mitano wazazi wake walishangaa kumwona anasoma, kumbe alikuwa amejifunza peke yake kwa kutazama magazeti.

Mwaka 1862 aliingia Chuo Kikuu cha Göttingen, na mwaka 1866 akahitimu udaktari. Mmoja wa walimu wake alikuwa Jakob Henle, ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ameandika kwamba yamkini magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Wakati huo wazo hilo lilikosa ushahidi. Henle alimwachia mwanafunzi wake swali lisilo na jibu, na mwanafunzi akaishi nalo kwa miaka mingi. Walimu tulizingatie jambo hilo.

Daktari wa wilaya

Mwaka 1872 Koch alipata kazi ya udaktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland. Hakuwa na maabara, hakuwa na maktaba, wala hakuwa na mtaalamu wa kumwuliza. Alikuwa na hadubini, na pembe ya chumba alichopokelea wagonjwa. Mifugo ya wilaya hiyo ilikuwa ikifa kwa kimeta. Koch alichukua damu ya wanyama waliokufa, akawachoma panya kwa vijiti vya mti vilivyochovywa katika damu hiyo, akachunguza yaliyotokea. Mwaka 1876 aliwaonyesha wataalamu wa Breslau jinsi bakteria wa kimeta wanavyoishi, wanavyojifunika katika mbegu ngumu ardhini, na wanavyorudi kuua.

Mwaka 1880 aliitwa kufanya kazi Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 alitangaza kwamba amekipata kijidudu kinachosababisha kifua kikuu. Mwaka 1883 na 1884 alisafiri hadi Misri na India kukifuatilia kipindupindu. Jina lake lilikuwa limeenea duniani.

Lakini mwaka 1890 alitangaza dawa aliyoamini kuwa ingetibu kifua kikuu. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka nchi nyingi. Dawa hiyo haikuponya, na baadhi ya wagonjwa walizidiwa. Baadaye ilibaki kuwa chombo cha kupimia tu. Mwalimu asiifiche habari hii. Inamwonyesha mwanafunzi kwamba mtu mwenye akili nyingi huweza kutangaza jibu kabla ya kulithibitisha, na kwamba wagonjwa ndio wanaolipa gharama.

Dar es Salaam na Usambara

Mwishoni mwa mwaka 1896 Koch aliitwa Afrika Kusini kwa sababu ya sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe. Mwaka uliofuata alikwenda Bombay kuchunguza tauni, na kutoka huko akavuka bahari hadi Dar es Salaam, mji mkuu wa koloni la Wajerumani. Alikaa katika koloni hilo hadi mwaka 1898.

Wakati huo elimu ya malaria ilikuwa katikati ya njia. Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa amekwisha kuona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa nchini Algeria mwaka 1880. Namna vimelea hivyo vinavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine ilikuwa bado haijathibitishwa. Mwezi Agosti 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza nchini India, aliona vimelea katika tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa. Mwaka 1898 Giovanni Battista Grassi na wenzake nchini Italia walithibitisha kwamba mbu anayeeneza malaria ya binadamu ni wa jamii ya anofelesi.

Koch naye alikuwa akitazama damu ya wagonjwa wa Dar es Salaam kwa hadubini. Lakini jambo ambalo tungependa wanafunzi walikumbuke alilipata milimani. Alipanda Usambara hadi Kwai, akaona kwamba watu waliokaa huko juu hawakuwa wakipata homa hiyo, ila wale walioteremka tambarare walirudi nayo. Tena aliwakuta wenyeji wakiuita ugonjwa huo mbu, kwa jina lile lile la mdudu, kwa kuwa walijua kwamba wakishuka bondeni huumwa na mdudu huyo na kisha homa huwashika. Watu wa Usambara hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa na macho na kumbukumbu. Koch aliwasikiliza, akayaandika maneno yao.

Mwalimu wa Mbinga na Nyasa hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa namna hiyo. Ziwa Nyasa liko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya joto. Milima ya Umatengo inapanda kupita mita 1,300, na usiku wake ni wa baridi. Kimelea cha malaria kinahitaji joto ili kikomae ndani ya mwili wa mbu. Penye joto la kutosha huchukua siku 10 hadi 14 hivi, na joto likishuka chini ya nyuzi 18 kile kilicho kikali zaidi karibu hakikomai kabisa, kwa sababu mbu hufa kabla yake. Mtu wa milimani anayeteremka kununua samaki huingia katika nchi ya mbu, na kinga yake ni ndogo kuliko ya mtu aliyekulia ufukoni.

Watoto wa Java na New Guinea

Mwaka 1899 na 1900 Koch aliendelea na uchunguzi wake nchini Italia, kisha katika kisiwa cha Java na huko New Guinea. Hapo alifanya jambo lililokuwa geni kwa madaktari wa wakati wake. Hakuwangoja wagonjwa waje; alikwenda vijijini na kutoa tone la damu kwa kila mtu, mzima na mgonjwa, mkubwa na mdogo.

Aliyoyakuta yalibadili maana ya ugonjwa. Katika vijiji vilivyokuwa na malaria nyingi, watoto wachanga na wale wa mwaka mmoja au miwili karibu wote walikuwa na vimelea katika damu. Kadiri umri ulivyoongezeka, idadi ilipungua. Katika damu ya watu wazima waliozaliwa na kukulia hapo hakuona kitu. Koch alitambua kwamba mtu anayeumwa malaria mara nyingi tangu utotoni hujenga kinga polepole. Kinga hiyo hupatikana kwa gharama kubwa, kwani watoto wengi hufa kabla ya kuipata. Alitambua pia kwamba hazina ya ugonjwa haimo hospitalini. Imo kijijini, ndani ya miili ya watoto, na wengi wao wanacheza na kula kama kawaida.

Hilo ndilo jambo kuu tunalotaka kulisisitiza. Kabla ya hapo daktari aliona homa na kudhani ameuona ugonjwa wote. Baada ya hapo ilibidi afikirie mtoto asiyeumwa, ambaye mbu humnyonya usiku na kubeba vimelea vyake hadi kwa jirani.

Jaribio la Dar es Salaam

Kutokana na ugunduzi huo Koch alipanga mbinu yake. Ikiwa vimelea vimo ndani ya watu, basi watafutwe wote walio navyo, wapewe kwinini hadi damu zao zisafike, na mbu watabaki hawana cha kubeba. Ross alikuwa na mbinu tofauti: yeye alisema ashambuliwe mbu, na zaidi viluwiluwi majini kabla hawajaruka.

Mwaka 1901 mbinu ya Koch ilianza kujaribiwa Dar es Salaam chini ya daktari Hans Ollwig. Watu walipimwa damu nyumba kwa nyumba, na wale waliokutwa na vimelea walipewa kwinini kwa siku zilizopangwa. Ilikuwa kazi ya uvumilivu mkubwa. Vimelea vilipungua, lakini havikwisha. Baadaye ilibidi madimbwi nayo yakaushwe na viluwiluwi viuawe. Ross naye, aliyekuwa amejaribu mbinu yake huko Freetown, Sierra Leone, hakufanikiwa kuimaliza malaria ya mji huo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1905 Koch alirudi Afrika Mashariki. Alifanya kazi Amani, katika Usambara, akachunguza ndorobo, na pia akaonyesha jinsi papasi wanavyoeneza homa ya papasi. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Mwaka 1906 na 1907 alikaa katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye sumu ya aseniki. Wengi walionekana kupata nafuu kwa muda, lakini baadhi yao walipofuka kabisa. Watu hao walikuwa chini ya serikali za kikoloni, na uwezo wao wa kukataa ulikuwa mdogo. Mwanafunzi anayo haki ya kuelezwa hayo pamoja na sifa za mtaalamu huyo.

Robert Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu ya mwili wake yamewekwa katika taasisi ya utafiti huko Berlin inayoitwa kwa jina lake.

Kwa nini malaria ni ngumu kumalizwa

Jaribio la Dar es Salaam lilishindwa kwa sababu ambazo bado zinatusumbua. Kwanza, hadubini haioni kila kimelea. Mtu anaweza kuwa na vichache mno vikapita bila kuonekana, na hao watu wazima ambao Koch aliwaona safi huenda baadhi yao hawakuwa safi. Pili, kwinini huviua vimelea vinavyoleta homa, lakini ile hatua ya kimelea inayochukuliwa na mbu huweza kubaki katika damu baada ya mgonjwa kujisikia amepona. Tatu, mji hauna ukuta: wakati damu za watu wa mtaa mmoja zinasafishwa, wengine wanaingia kutoka mashambani na vimelea vyao. Nne, kinga ya mtu mzima humwezesha kuishi na kimelea bila kuumwa, lakini haimzuii kumwambukiza mbu.

Mbu naye si mmoja. Yuko anayependa vidimbwi vidogo vyenye jua, hata maji yaliyotuama katika wayo wa ng'ombe. Yuko anayependa maji ya kudumu yenye majani, kama ya mabwawa na kingo za ziwa. Anayeuma ni jike tu, kwa kuwa anahitaji damu ili atage mayai, na huuma zaidi usiku. Mvuvi wa dagaa anayekesha na taa yuko nje ya chandarua kwa saa zile zile ambazo mbu yuko kazini. Na chandarua kikitumiwa kuvulia dagaa, kilichokusudiwa kuwalinda watoto hakipo tena nyumbani.

Historia iliyofuata imethibitisha ugumu huo. Kati ya mwaka 1954 na 1959 nyumba za Upare na Taveta zilipulizwa dawa ya kuua mbu. Malaria ilipungua sana, lakini haikutoweka, na upulizaji ulipokoma ilianza kurudi. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpango wa kuifuta malaria mwaka 1955, likauacha mwaka 1969, na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara haikufikiwa na mpango huo. Zanzibar ilikaribia kufaulu katika miaka ya 1960; kazi ilipositishwa mwaka 1968 ugonjwa ulirudi kwa nguvu. Imekuwa lazima Zanzibar ianze upya katika miaka ya 2000, kwa vyandarua, upulizaji na dawa mseto pamoja, ndipo malaria ikashuka tena hadi kiwango cha chini sana. Kimelea chenyewe hujifunza pia: mwaka 2001 Tanzania iliacha kutegemea klorokwini kama dawa ya kwanza kwa kuwa ilikuwa haifanyi kazi tena, na dawa iliyochukua nafasi yake nayo ikapisha dawa mseto mwaka 2006.

Lakini habari inayotuhusu zaidi walimu ni ya mwaka 2014 na 2015. Katika uchunguzi uliofanywa katika shule za msingi za Tanzania Bara, wanafunzi wapatao 49,000 walipimwa damu shuleni. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na vimelea. Hawa hawakupimwa wodini. Walipimwa wakiwa wamekuja kusoma. Koch angewatambua mara moja.

Darasani

Tunashauri somo lipangwe kwa hatua tatu. Katika hatua ya kwanza mwalimu asimulie maisha ya Koch kwa ufupi, akisimama katika Usambara. Awaulize wanafunzi: watu wa milimani waliwezaje kujua kwamba homa inatoka bondeni? Waacheni wataje safari za wazazi wao kati ya Umatengo na ufukoni, na homa zilizofuata.

Katika hatua ya pili ufanyike mchezo. Wanafunzi 40 wapewe vikaratasi vilivyokunjwa. Vinane viwe na nukta. Kati ya hivyo, viwili viwe na nukta mbili. Wenye nukta mbili ndio wenye homa: wasimame, watoke, waende zahanati ya kuigiza pembeni mwa darasa. Kisha mwanafunzi mmoja awe mbu. Afumbe macho, aguse wenzake watano, nao wafungue karatasi zao. Akimpata mwenye nukta, darasa lihesabu siku 10 kwa sauti, kwa sababu mbu hawezi kuambukiza kabla kimelea hakijakomaa; halafu aguse watano wengine, nao watiwe nukta. Asipompata, mbu mwingine ajaribu. Baada ya mizunguko michache wanafunzi wataona kwamba wagonjwa wote wawili walitibiwa vizuri, na bado nukta zinaongezeka. Mwalimu asiseme sababu. Awaache waitafute. Asiruhusu pia mtoto yeyote achekwe kwa kupata nukta, maana kuwa na vimelea si uchafu wala si kosa.

Katika hatua ya tatu wanafunzi wapange wenyewe kinga ya kijiji chao, na kwa kila kinga waseme inamzuia nani na inamwacha nani. Chandarua kinamlinda aliyelala, lakini kinamwacha mvuvi. Dawa inamponya mwenye homa, lakini inamwacha mwenzake asiyeumwa. Kufukia madimbwi kunapunguza mbu wa uani, lakini ukingo wa ziwa unabaki. Kufyeka nyasi, ambako daftari nyingi hukuweka mbele, hakumzuii mbu anayezaliana katika kidimbwi chenye jua. Wakimaliza, watakuwa wamefahamu kwa nini kinga moja haitoshi, na kwa nini kazi hii haina siku ya kusimama.

Tukumbuke pia kwamba shule ni sehemu ya kinga hiyo. Mkoa wa Ruvuma, pamoja na Lindi na Mtwara, ulikuwa wa kwanza kugawiwa vyandarua kwa kupitia wanafunzi, mwaka 2013. Mtoto aliyebeba chandarua kutoka shuleni kwenda nyumbani alipaswa kubeba na maelezo yake. Kama mwalimu wake alimpa orodha ya amri tu, alifika na chandarua bila sababu ya kukitunza.

Tunawaomba wakufunzi wenzetu na walimu wa shule za mazoezi walijaribu somo hili, walirekebishe kwa mazingira yao, na watuandikie matokeo yake. Tungependa zaidi kupata maswali ambayo wanafunzi waliuliza na mwalimu akashindwa kuyajibu, ili nasi tuyatafutie majibu katika vikao vyetu vya ufundishaji.